Mistari Minne kwa Mpigo

Mwaka wa elfu mbili na mbili, Kathini alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, alikuwa na afya njema, kazi, chumba cha kupanga Kitengela, na alikuwa wa mwisho kwenye ligi.

Ligi yenyewe haikuwa ya mpira. Ilikuwa ya briki gemu, kile kimashine cha mkononi chenye kioo kidogo, ambamo matofali ya maumbo saba huanguka moja moja kutoka juu, nawe unayageuza na kuyapanga ili mstari ujae kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari ukijaa, unatoweka na unapata alama. Usipojaa, rundo linapanda tu. Likigusa juu, mashine inalia kama kifaranga aliyekanyagwa na mchezo umekwisha.

Ilichezwa saa ya lanchi, kwenye nyasi nje ya geti la kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, Athi River. Kathini alishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi, mifuko hiyo tu, kutoka asubuhi hadi jioni. Ikifika saa sita na dakika arobaini na tano, wachezaji kumi na wawili walitoka wakiwa na mikebe yao ya githeri, wakaketi na kunyoosha miguu, na mashine ya ligi ikatolewa kwenye mfuko wa aproni ya Wilkister.

Wilkister ndiye aliyekuwa katibu. Alitoka upande wa Butere, alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na aliishi chumba kimoja na Kathini. Aliandika matokeo kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni. Kanuni zilikuwa nyepesi: kila mchezaji ana dakika kumi mara moja kwa wiki, saa ni ile ya mkononi ya Wilkister, na mashine ikilia kabla ya dakika hizo kwisha, unabaki na alama ulizo nazo.

Bingwa alikuwa Muteti wa idara ya pasi, kijana mrefu mwenye mikono mikavu kwa sababu ya mvuke. Alikuwa ameshinda misimu miwili mfululizo. Alicheza bila kupepesa macho, ulimi ukichungulia kidogo kando ya mdomo.

Kathini alicheza kama mtu anayezima moto. Kila mstari ulipokaribia kujaa aliukimbilia aufute, hata kama kufanya hivyo kulimlazimu kusukuma tofali mahali lisipofaa. Basi mashimo yakazidi chini, rundo likapanda lenye meno meno, na dakika ya nne au ya tano kifaranga akalia. Yeye alicheka kuliko wote. Mpaka siku moja Muteti, Mkamba mwenzake, alipomwambia kwa upole wa kweli kabisa:

"Mwiitu wa mwaitu, dada yangu, wewe cheza tu ujifurahishe. Hii kitu haikutaki."

Kama angemdhihaki, Kathini angemjibu. Huo upole ndio uliomchoma. Alirudi kwenye cherehani yake siku hiyo na kushona mfuko mmoja juu chini.

Ikawa Jumapili moja ya mwezi wa sita kwaya ya kanisa alimoimba Kathini ilialikwa Kisaju, kule kusini kwenye barabara ya Namanga. Waliimba vizuri, wakala, na wakati wengine wakipiga gumzo kivulini Kathini akaenda dukani kutafuta soda.

Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa miaka kama arobaini, shanga shingoni, kitenge kimefungwa vizuri, macho yakiangalia chini. Mkono mmoja ulikuwa unapima sukari. Mwingine haukuonekana.

"Sopa," mwanamke alisema bila kuinua macho.

"Ipa," Kathini akaitikia salamu hiyo ya Kimaasai. "Mama, uko na Fanta baridi?"

"Iko, lakini si baridi sana. Ngoja kidogo."

Kathini aliisikia kwanza kabla ya kuiona, ile tiki tiki tiki anayoijua. Akainama juu ya kaunta na kuchungulia. Mama yule alikuwa na briki gemu yake mwenyewe, ya rangi ya buluu iliyofifia, ameilaza juu ya gunia la unga. Na juu ya kioo kulikuwa na kitu ambacho Kathini hakuwahi kukiona: ukuta umejengwa hadi katikati, tambarare kama meza, bila shimo hata moja. Lakini kando ya kulia, safu nzima ilikuwa imeachwa wazi, kutoka chini hadi juu.

"Mama, jaza hapo kando!" Kathini alishindwa kujizuia. "Utakufa!"

"Ngoja, nimesema."

Tofali refu lililonyooka, lile ambalo kwenye ligi waliliita fimbo, likatokea juu. Mama akaligeuza likasimama wima, akalisogeza hadi kulia, akaliangusha kwenye ule mwanya. Mistari minne ikametameta na kutoweka kwa mpigo. Ukuta ukashuka kama mtu aliyeketi baada ya safari ndefu.

Kathini alisahau soda. Kwenye ligi, kufuta miwili pamoja kulipigiwa makofi. Muteti alikuwa amefuta mitatu, na watu walizungumza habari hiyo kwa wiki nzima.

"Umefanyaje?"

Mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, akatabasamu. "Mmoja unapewa mia moja. Miwili, mia tatu. Mitatu, mia saba. Minne je?"

"Sijui."

"Elfu moja na mia tano. Sasa wewe unauza ng'ombe mguu mguu, ama unauza ng'ombe mzima?"

Aliitwa Mama Tajeu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa mtu wa mifugo na minada, siku nyingi yuko Kajiado au mbele zaidi, na saa za mchana dukani zilikuwa ndefu. Miaka minne alikuwa amekaa na mashine ile, peke yake, bila mtu wa kumwonyesha wala wa kushindana naye. Kathini alipomwambia kuna ligi, alicheka hadi shanga zikalia.

"Watu kumi na wawili? Wazima kabisa? Na mimi nilidhani niko peke yangu na huu wazimu."

Katika chumba cha nyuma ya duka kulikuwa na cherehani ya miguu iliyofunikwa kwa gunia. Ilikuwa ya dada yake aliyeolewa mbali, na hakuna aliyejua kuitumia. Wakaelewana papo hapo. Kathini angekuja Jumapili baada ya ibada ya kwanza, ashone chochote kilichohitaji kushonwa katika nyumba ile. Mama Tajeu angemfundisha.

Somo la kwanza Kathini hakuruhusiwa kugusa mashine. Mama Tajeu alikata maumbo yote saba kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, akayatia kwenye kibakuli, akachora mistari kwa chaki juu ya kaunta. Alitoa tofali moja moja bila kuangalia, na Kathini aliliweka, akipewa muda wote anaotaka.

"Hapo umeweka sanduku. Sawa. Sasa niambie: akija nyoka wa kushoto, atalala wapi?"

Kathini aliangalia. Tofali la mraba waliliita sanduku; yale mawili yenye kupinda waliyaita nyoka, na hayalali vizuri kwenye ardhi tambarare. "Hana mahali."

"Basi sanduku si ya hapo. Toa. Kila ukiweka kitu, uliza wote saba: wewe utalala wapi, na wewe, na wewe? Mmoja akikosa kitanda, umeharibu nyumba."

Wateja waliingia wakanunua mafuta ya taa na majani chai, wakawaona wanawake wawili wameinamia vipande vya katoni, wakatoka wakitikisa vichwa. Kathini alijifunza kuacha ngazi ndogo kwa ajili ya nyoka, na kuibana kona, lile tofali lenye umbo la herufi L, ukingoni. Alijifunza kwamba kofia, lile tofali lenye kichwa katikati, huziba karibu kila pengo, kwa hiyo halipaswi kutumiwa ovyo. Alijifunza kutazama kile kidirisha cha kando kinachoonyesha tofali linalofuata, kitu ambacho kwa miaka miwili alikuwa amekichukulia kama pambo.

Ukweli ni kwamba mwanzoni mafunzo yalimharibu zaidi. Mwezi wa saba alijaribu kuacha safu ya kulia wazi kwenye ligi. Akajenga ukuta mzuri, akangoja fimbo. Fimbo haikuja. Akajenga, akangoja. Kifaranga akalia dakika ya tatu, Kathini hana hata alama mia moja.

"Sifuri!" Wilkister alitangaza, akaandika duara kubwa kwenye katoni. "Kathini wangu, hata kuku akidonoa hizo batani angepata kitu!"

Jumapili iliyofuata Kathini alifika Kisaju amekasirika. "Mama, fimbo haikukuja!"

"Na wewe ulikuwa unangoja mpaka lini? Fimbo amekuahidi?" Mama Tajeu alichukua uzi mwekundu kwenye kikopo chake cha shanga, akaubandika kwa gundi juu ya kioo cha mashine ya buluu, kimlalo, juu kidogo ya katikati. "Ukivuka hii uzi, wacha kungoja. Funga huo mlango na chochote uko nayo, futa mmoja, futa miwili, shuka chini. Ukishashuka, fungua mlango tena. Hakuna aibu."

Hilo ndilo lililomchukua muda mrefu zaidi. Kujenga si kazi. Kazi ni kujua wakati wa kuacha kile ulichokuwa unakingoja. Mara nyingi ukuta ulivuka uzi naye akaendelea kusema moyoni, moja tu, moja tu. Lakini kidogo kidogo kidole gumba kikaanza kujua chenyewe.

Kisha kukaja ufundi wa mwisho, ambao Mama Tajeu aliuita kuchomeka. Tofali linapokaribia kutua, kuna nafasi fupi, kama ya kuvuta pumzi, ambapo bado unaweza kulisukuma kando likaingia chini ya tofali jingine lililochomoza. Shimo ulilodhani limefunikwa milele linazibika. Kathini aliujaribu Jumapili tatu nzima bila kufaulu. Alipofaulu alipiga ukelele, na mbuzi waliokuwa wamelala barazani wakatimka.

Huko Kitengela, Wilkister alikuwa amekwisha kuona kila kitu na kuelewa kila kitu vibaya.

Kila Jumapili mwenzake alivaa gauni zuri na kwenda Kisaju. Kila Jumapili jioni alirudi na uso unaong'aa. Wakati wa kupika aliangalia ukutani huku kidole gumba kikitikisika peke yake. Siku moja alirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Wewe," Wilkister alisema, mikono kiunoni. "Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo jamaa ya Kisaju. Usinizoee. Maziwa kibuyu kizima? Huyo ameshaanza kuleta mahari, na mimi sijaambiwa!"

Kathini alifungua mdomo aeleze, akaufunga. Akisema ukweli, Jumapili ijayo ligi nzima itakuwa kwenye kaunta ya Mama Tajeu. Akatabasamu tu na kuinamisha macho. Kwa Wilkister hilo lilitosha kama cheti cha ndoa. Baada ya siku mbili laini nzima ya washonaji wa suruali ilijua kwamba Kathini ana mchumba, Mmaasai mwenye ng'ombe wengi, mpole, hanywi. Sifa ya kutokunywa Wilkister aliiongeza mwenyewe kwa sababu alimpenda mwenzake.

Mapenzi hayo, wote walikubaliana, yalikuwa yamemtuliza Kathini hata mchezoni. Mwezi wa tisa alitoka nafasi ya kumi na mbili hadi ya nane. Mwezi wa kumi alifuta mistari minne kwa mpigo mbele ya macho ya watu, na mtu mmoja akasema, "Hiyo ni nini imefanyika?" Muteti aliacha kutafuna. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, Kathini alikuwa wa pili kwenye katoni, na fainali ikawa kati yake na bingwa.

Ilichezwa Jumamosi ya nusu siku, wiki ya mwisho kabla kiwanda hakijafungwa kwa Krismasi, kwenye uwanja ulio nyuma ya ploti ya vyumba vyao vya kupanga Kitengela. Zawadi ilikuwa sufuria kubwa ya kupikia watu thelathini. Watu walikuja hata wasiojua mchezo. Kwa kuwa kioo ni kidogo na hakionekani kwa mbali, Wilkister alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa akitangaza kama redio.

Muteti alianza. Alicheza mchezo bora wa maisha yake, miwili miwili na mitatu, bila kosa kubwa, dakika zote kumi. Elfu kumi na tisa na mia sita. Hakuna aliyewahi kufika hapo. Walimbeba juu.

Kathini alifuta viganja kwenye sketi, akachukua mashine.

Dakika tano za kwanza zilikwenda kama maji. Ukuta ulipanda, fimbo ikaja, ukashuka. Wilkister alipiga kelele za "Minne! Minne tena!" hadi sauti ikaanza kukwaruza. Dakika ya nane alikuwa na elfu kumi na sita na mia nane. Kisha fimbo zikakauka. Sanduku. Nyoka. Kona. Nyoka. Kona. Ukuta ulipita katikati. Mashine ya ligi haikuwa na uzi mwekundu, lakini Kathini aliuona uzi mahali pake.

Akafunga mlango. Akachukua kona, akaiweka kwenye ile safu aliyoilinda, akafuta miwili. Umati ukaguna.

"Ameharibu!" mtu alisema.

Akafuta mingine miwili, kisha mmoja. Elfu kumi na saba na mia tano. Ukuta ulikuwa chini sasa, lakini upande wa kushoto tofali moja lilikuwa limechomoza, na chini yake palikuwa na shimo.

"Dakika moja na nusu!" Wilkister alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ananong'ona.

Kona ikashuka. Kathini aliiacha ishuke, ishuke, hadi ilipokaribia kugusa, akaisukuma kushoto. Ikateleza chini ya lile tofali na kuziba shimo kama ufunguo kwenye kufuli. Muteti, aliyekuwa amesimama begani mwake, alitoa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Akajenga haraka, safu ya kulia wazi. Fimbo! Minne. Elfu kumi na tisa. Ukuta ukapanda tena, sanduku, kofia, kona, nyoka kwenye ngazi yake. Kidirisha cha kando kikaonyesha kitu kilichonyooka.

"Sekunde kumi!"

Aliligeuza, akalipeleka kulia na kulishusha kwa nguvu zote. Mistari minne ikametameta.

Elfu ishirini na mia tano.

Kelele zilizofuata ziliwatoa watu kwenye ploti nne za jirani. Wilkister aliruka kutoka kwenye ndoo moja kwa moja hadi shingoni mwa mwenzake, wote wawili wakaanguka vumbini wakicheka na kulia. Muteti alingoja hadi wakasimama, akampa Kathini mkono, kisha akamvika ile sufuria kichwani kama taji.

"Nilikuambia hii kitu haikutaki," alisema. "Nimekosea sana. Sasa niambie, nani amekufundisha hiyo ya kuteleza chini?"

"Si ni yule jamaa ya Kisaju!" Wilkister alijibu badala yake. "Mchumba na mwalimu, wote kwa moja! Kathini, huyu mtu lazima tumwone."

Kathini alikuwa na vumbi kwenye meno kwa sababu ya kucheka. "Twende kesho," alisema. "Mje wote."

Walikwenda watu tisa. Wilkister alivaa kitambaa kipya kichwani na kubeba kilo mbili za sukari, kwa kuwa mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Njiani kutoka stendi alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Walipoingia dukani aliangalia kila pembe, akainama hata kuchungulia chumba cha nyuma.

"Sopa, mama," alisema kwa heshima. "Tumekuja kumwona kijana wako."

"Kijana yangu?" Mama Tajeu alishangaa. "Tajeu? Yuko darasa la tano!"

Kathini alilazimika kushika kaunta asianguke. Alipoeleza, Wilkister alikaa juu ya gunia la maharagwe, sukari mapajani, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake kile cha ng'ambo ya mto, na Mama Tajeu, alipoelezwa kwamba kwa miezi sita yeye ndiye aliyekuwa mchumba asiyekunywa, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Hata hivyo sukari nimepokea," alisema.

Alasiri nzima walicheza. Mama Tajeu alimshinda Muteti mara sita huku akihudumia wateja, na Muteti, badala ya kununa, aliomba aonyeshwe vile vipande vya katoni. Msimu uliofuata mama huyo aliingia ligini rasmi. Alicheza Jumapili tu, kwa mpango maalumu ambao katibu aliuandika kwenye katoni, na alichukua ubingwa bila kutoa jasho.

Ligi iliendelea hadi mwaka wa elfu mbili na tano. Kisha oda za kiwanda zikapungua, watu wakatawanyika kwenda kwingine, na wengine wakanunua simu zenye michezo yake yenyewe. Kathini hakungoja kuambiwa kazi imekwisha. Alihamia Kisaju, akaweka cherehani mbili katika kile chumba cha nyuma, na shule zilipokaribia kufunguliwa kina mama walijaa barazani wakiwa na watoto wa kupimwa sare. Mwaka uliofuata aliolewa na Musila, mwalimu wa hesabu, mtu aliyekuwa na subira na hakuwa na kidole chepesi hata kidogo.

Wilkister alirudi Butere kufungua saluni, na amekuwa akimpigia simu karibu kila Jumapili mchana. Huongea kwa sauti ile ile, hata Kathini huiweka simu juu ya meza ya kukatia nguo, akaendelea kutia alama za chaki, na mteja aliyeketi barazani akasikia kila neno na kucheka pamoja nao.